Mgawanyo wa Hasara: Mizani ya Maendeleo ya Kisasa na ya Kiislamu

Maendeleo ni neno linalotajwa na wengi na kupimwa na wachache. Mkulima hulitaja anapotaka barabara, mfanyabiashara anapotaka mtaji, na serikali inapotaka kodi. Wote husema kweli, lakini kila mmoja husema sehemu tu ya kweli. Barabara, mtaji na kodi ni vyombo, na ubora wa chombo haujulikani mpaka ijulikane safari yake na hali ya abiria wake. Kwa sababu hii ubishi juu ya maendeleo ya kisasa na maendeleo ya Kiislamu hauwezi kumalizika kwa kuhesabu benki za upande huu na viwanda vya upande ule. Ni ubishi wa maadili kabla ya kuwa ubishi wa fedha. Maswali yake ni mengi, lakini liko moja ambalo likijibiwa sawasawa mengine hupata mwanga: mambo yanapokwenda vibaya, hasara humwangukia nani?

Yamkini mtu atasema kuwa swali hili ni la kukata tamaa. Kwamba mwenye kutaka kujenga hapaswi kuanza kwa kufikiri juu ya kubomoka. Lakini faida haina shida ya kupata wenyewe. Mavuno yakiwa mema, aliyelima, aliyekopesha na aliyenunua wote huweza kucheka mlango mmoja. Tofauti ya mapatano ya haki na mapatano ya dhuluma hujificha mwaka wa neema na kujitokeza mwaka wa ukame. Mtu hupimwa kwa shida yake, na mapatano ya mali hupimwa vivyo hivyo.

Fikira za kisasa za maendeleo zilipata nguvu baada ya vita vya pili vya dunia, wakati mataifa mengi ya Asia na Afrika yalipokuwa yakijitoa katika utawala wa kigeni. Mwaka 1960 Mmarekani W. W. Rostow alitoa kitabu kilichogawa safari ya mataifa katika hatua tano, kutoka maisha ya kimila mpaka wingi wa matumizi ya bidhaa. Katika fikira za namna hiyo rasilmali ilikuwa moyo wa jambo: nchi iweke akiba, na akiba isipotosha ikope, viwanda vijengwe, pato likue, na deni lilipwe kwa pato lililokua. Fikira hizi hazikuwa za kipuuzi. Zilijenga mabwawa, bandari, shule na hospitali ambazo mamilioni ya watu hawakuwa nazo. Anayezibeza hali anakunywa maji ya mfereji na kusafiri kwa reli hazitendei haki.

Aidha, si kweli kwamba wataalamu wa kisasa hawakuona upungufu wa vipimo vyao. Simon Kuznets, aliyefanya kazi kubwa ya kukadiria pato la taifa la Marekani, alionya katika ripoti yake ya mwaka 1934 kuwa hali njema ya taifa haiwezi kujulikana kwa kutazama pato peke yake. Mwaka 1990 Mahbub ul Haq wa Pakistani aliongoza kuanzishwa kwa kipimo cha maendeleo ya binadamu katika Umoja wa Mataifa, ambacho kiliweka umri wa kuishi na elimu kando ya pato. Hivyo upande wa kisasa ulijirekebisha katika kupima mwisho wa safari. Ulichokawia kukitazama ni namna ya kugawana hatari za njiani.

Katika jambo hili nguzo yake kubwa ni mkopo wenye riba. Hoja za kuitetea riba zastahili kusikilizwa kwa insafu. Mwenye akiba akiitoa mkononi hukosa kuitumia. Thamani ya fedha hushuka. Na wapo wakopaji wasiolipa. Riba, kwa maelezo hayo, ni ujira wa kungoja na fidia ya hofu. Tena upande wa kisasa una njia nyingine mbali na mkopo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1855 iliruhusu kampuni ambazo wenye hisa hawadaiwi zaidi ya thamani ya hisa zao, na mwenye hisa hupata kampuni inapopata na hukosa inapokosa. Sheria za kufilisika nazo zilimwondolea mdeni aibu ya kufungwa gerezani na kumpa nafasi ya kuanza upya. Kwa hiyo usasa haukukosa kabisa fikira ya kushirikiana katika hasara. Ila neema hiyo iliwafikia kwanza wenye kampuni, wanasheria na vitabu vya hesabu. Mtu mdogo mwenye jembe au nyavu aliachiwa mkopo, dhamana na tarehe ya kulipa.

Uislamu uliingia katika jambo hili kwa mlango mwingine. Haukuanza kwa kuuliza mali itaongezwaje. Ulianza kwa kuuliza mali ni ya nani, ukajibu kuwa ni ya Mungu na mwanadamu ni mwenye kuaminiwa amana. Kutokana na msingi huo zilipatikana hukumu ambazo zinajulikana na kila mwanafunzi wa chuoni. Biashara ni halali na riba ni haramu. Mdeni aliyebanwa na shida apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Fedha na bidhaa za biashara zilizofikia kiwango na kutimiza mwaka hutolewa zaka, fungu moja katika mafungu arobaini. Katika makundi manane yanayostahili kupewa zaka, limo kundi la watu waliolemewa na madeni. Jambo hili la mwisho husahauliwa mara nyingi, ingawa ni zito: jamii nzima imewekewa wajibu wa kubeba sehemu ya anguko la mtu mmoja.

Zaka ina maana nyingine ya kiuchumi. Fedha iliyolala hupungua kila mwaka, na fedha iliyo katika kazi huweza kulipa zaka yake kutokana na faida. Hivyo mwenye mali husukumwa aitoe sandukuni aipeleke sokoni. Lakini akiipeleka sokoni hawezi kuikodisha kama nyumba. Sharti aingie ushirika. Katika mudaraba mmoja hutoa mtaji na mwingine hutoa kazi. Faida hugawanywa kwa mapatano, na hasara ya mtaji humwangukia mwenye mtaji, maadamu mfanyakazi hakuvunja amana. Mfanyakazi naye amekwisha kupoteza jasho lake. Katika musharaka wote hutoa mtaji, na kila mmoja hubeba hasara kwa kadiri ya fungu alilotoa. Kanuni iliyo nyuma ya mapatano hayo yote ni nyepesi kutaja na nzito kutimiza: asiyekubali kuonja uchungu wa biashara hana haki ya kudai utamu wake.

Chukua mfano wa mvuvi anayetaka mashine ya mashua ya shilingi 4,000,000. Akikopa kwa riba na kutakiwa kurudisha shilingi 4,800,000 kwa mwaka, deni lake halijui hali ya bahari. Kusi likivuma kwa nguvu na mashua zikalala ufukoni, tarehe ya kulipa hufika palepale. Akiingia ushirika, mwenye fedha akatoa 3,000,000 na mvuvi 1,000,000, basi bahari ikifungwa wote wawili wamefungiwa. Mwenye fedha atapoteza robo tatu ya hasara na mvuvi robo moja. Kwa sababu hiyo mwenye fedha hatatosheka na kuuliza mvuvi ana nyumba ya kuweka rehani au hana. Atauliza mashine ni nzima au mbovu, mvuvi ni hodari au mvivu, na samaki wana soko au hawana. Mkopo hutazama dhamana; ushirika hutazama kazi. Na maendeleo, kwa maana yake ya kweli, ni jambo la kazi.

Hapa ndipo msomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki angeweza kujivuna na kusema kuwa majibu yamekuwa mikononi mwake tangu zamani. Historia ya Unguja na Pemba yamzuia. Visiwa hivyo vilikuwa na makadhi, wanavyuoni na misikiti mingi, na watu wake waliijua hukumu ya riba. Hata hivyo katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20 wenye mashamba ya karafuu walizama katika madeni. Mti wa mkarafuu huhitaji miaka mingi kabla ya kuzaa vema, mazao yake hupanda na kushuka, na wakati wa kuchuma huhitaji fedha ya kuwalipa wachumaji kabla ya karafuu kuuzwa. Fedha hiyo ilitoka kwa wafanyabiashara, wengi wao Wahindi, ambao nao walikuwa na wadai wao.

Kwa kuwa riba ilikuwa haramu, ilitumika bei ya khiari. Mwenye shamba alimwuzia mwenye fedha shamba lake kwa sharti kwamba akizirudisha fedha katika muda uliotajwa, shamba litamrudia. Muda huo wote muuzaji hakuondoka. Alilikodi shamba lililokuwa lake, akawa analipa kodi kila msimu. Katika hati palikuwa na bei na palikuwa na kodi, mambo mawili halali. Katika maisha palikuwa na mkopo, na kodi ile ilikuwa riba iliyovishwa kanzu. Wanavyuoni hawakukosa kuliona jambo hilo, na walihitilafiana juu yake. Karatasi iliokoka, mwenye shamba hakuokoka. Bei ya karafuu ilipoanguka katika shida ya uchumi wa dunia ya miaka ya 1930, kodi haikuanguka kwa kadiri hiyo, na mashamba yakaanza kuhama mikono.

Serikali ya ulinzi ya Kiingereza nayo ilijaribu dawa yake. Mwaka 1934 zilitolewa sheria zilizoweka vizuizi juu ya ardhi ya Waarabu na Waafrika kuhamia kwa watu wa jamii nyingine, na madai ya madeni yakasimamishwa kwa muda. Chama cha Wakuza Karafuu kikapewa nguvu kubwa katika biashara hiyo. Wafanyabiashara wa Kihindi walilalamika, na katika miaka ya 1937 na 1938 karafuu za Zanzibar zilisusiwa mpaka yalipofikiwa mapatano. Tazama basi jinsi pande zote mbili zilivyokosa shabaha. Hati ya khiari ilijali jina la mapatano. Sheria ya mwaka 1934 ilijali kabila la mwia. Hakuna iliyouliza swali lililokuwa likiwatesa watu mashambani: mwaka mbaya wa karafuu, nani abebe hasara? Kwa sababu swali hilo halikuulizwa, mdeni na mwia walitazamana kama adui wa damu, ilhali ubaya ulikuwa ndani ya mapatano yaliyowafunga wote wawili.

Jambo lililompata mwenye shamba likaja kuyapata mataifa. Nchi nyingi za Afrika zilikopa kwa kutegemea mazao yao. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikashuka vibaya. Deni halikushuka pamoja nayo. Mtu binafsi akifilisika ana mahakama ya kumsikiliza. Taifa halina mahakama ya namna hiyo. Lilibaki kuomba, na maombi yalichukua miaka. Mpango wa kuzipunguzia nchi maskini mzigo wa madeni ulianzishwa mwaka 1996. Uganda ikanufaika mwaka 1998, na Tanzania ikamaliza masharti yake mwaka 2001. Kabla ya hapo zahanati na shule zilikuwa zimekwisha kulipa sehemu ya deni kwa dawa zisizonunuliwa na walimu wasioajiriwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeonya mapema juu ya kuifanya fedha, hasa fedha ya kukopa, kuwa msingi wa maendeleo. Onyo hilo lilitoka katika siasa ya ujamaa, nalo likakutana njiani na fikira ya kale ya Kiislamu. Kweli haina haja ya kuulizwa imetoka mlango gani.

Jaribio la kuigeuza fikira hiyo kuwa chombo cha kisasa lilifanyika Misri mwaka 1963, katika mji wa Mit Ghamr uliomo katika delta ya Mto Nili. Ahmad al-Najjar, aliyesoma Ujerumani Magharibi, alianzisha benki ya akiba kwa watu wadogo wa mashambani. Umbo lake alilichukua katika benki za akiba za Kijerumani, na roho yake katika sheria ya Kiislamu: akiba bila riba, mikopo midogo bila riba, na mtaji wa kushirikiana katika faida na hasara. Benki hiyo haikudumu kupita mwaka 1967, lakini ilithibitisha kuwa mkulima asiyeamini benki huweka akiba akikuta chombo kisichomwondoa katika imani yake. Mwaka huohuo wa 1963 Malaya ilianza mfuko wa kuwawezesha mahujaji kuweka akiba ya safari, ambao ulikuja kuwa mwenye mali nyingi katika mashamba na majengo. Mwaka 1975 Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ilianza kazi Jedda, na Dubai ikapata benki ya biashara ya namna hiyo. Kenya ilipata zake mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2011.

Je, benki hizo zimefuata njia ya ushirika? Ukweli sharti usemwe. Katika nchi nyingi sehemu kubwa ya kazi yao ni murabaha. Benki hununua mashine kwa 4,000,000 na kumwuzia mvuvi kwa 4,800,000 kwa malipo ya kidogo kidogo. Wanavyuoni wengi wanaikubali biashara hiyo, na kwa haki, iwapo benki imeimiliki mashine kweli na kubeba hatari yake kabla ya kuiuza. Lakini umilikaji ukiwa wa dakika chache na wa karatasi tu, mvuvi hurudi palepale penye tarehe isiyojua bahari. Huenda hati imesafika. Mgawanyo wa hasara haukubadilika. Hapo bei ya khiari ya wenye mikarafuu imefufuka katika jengo la vioo.

Sababu za kurudi huko si za uovu peke yake. Ushirika ni mgumu. Mwenye kuweka akiba hapendi kuambiwa kuwa akiba yake imepungua. Mfanyabiashara naye akipata faida huweza kuificha, na akipata hasara huitangaza. Waswahili walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na washirika wasio na daftari hupoteana wao wenyewe. Hapa upande wa Kiislamu unahitaji kukopa kwa upande wa kisasa, wala si aibu: ukaguzi wa hesabu, mahakama za biashara zenye haraka, na sheria za kampuni. Mtaalamu wa uchumi Timur Kuran ameeleza kuwa miji ya Mashariki ya Kati ilichelewa kwa sehemu kwa kuwa ushirika wake ulivunjika mshirika mmoja alipokufa, na kwa kuwa wakfu ulifungwa na masharti ya muasisi hata mahitaji yalipobadilika. Mtu aweza kubishana naye juu ya kipimo cha sababu hizo, lakini hawezi kuzipuuza. Wakfu uliojenga visima, shule na hospitali ni fahari. Wakfu usioweza kukarabatiwa ni kaburi la nia njema.

Liko pingamizi jingine. Katika nchi za Afrika Mashariki Waislamu, Wakristo na wenye imani nyingine huishi mtaa mmoja na kununua duka moja. Yafaaje kuwapa wote kipimo kitokacho katika dini ya baadhi yao? Jibu ni kwamba kipimo chenyewe hakidai kitambulisho cha imani. Kukataza riba kulijulikana pia katika Torati, na makanisa ya Ulaya yaliikemea kwa karne nyingi. Mvuvi Mkristo hazami kwa namna tofauti na mvuvi Mwislamu. Ikiwa hekima imehifadhiwa katika nyumba moja, majirani wote wanaruhusiwa kuomba moto wake. Wenye nyumba nao wasidhani kuwa kuuhifadhi moto ni sawa na kupika.

Kwa hiyo hukumu baina ya njia hizi mbili haipatikani kwa kuitazama bendera ya benki. Njia ya kisasa imefundisha kuhesabu, kukagua, kukusanya mitaji midogo kuwa mikubwa, na kuyapa mashirika maisha marefu kuliko ya waasisi wake. Kosa lake ni kumwachia mnyonge sehemu kubwa ya hatari na kuiita hali hiyo kanuni ya soko. Njia ya Kiislamu imefundisha kuwa mwenye mali ni mshirika wa mwenye kazi, na kuwa anguko la mdeni ni jambo la jamii. Kosa la wafuasi wake ni kulinda maneno ya fundisho hilo na kuacha maana yake ipite mlango wa nyuma.

Mwanafunzi wa leo ndiye atakayeandika kesho mapatano ya mikopo ya nchi yake, au kukaa katika meza ya benki mbele ya mkulima asiyejua kusoma hati. Atakuwa amesoma hesabu za kisasa, na pengine atakuwa amesoma fikihi. Elimu zote mbili zitamfaa, lakini hakuna hata moja itakayomtosha asipokuwa na ujasiri wa kuandika katika hati hiyo, kwa maneno yasiyofichika, sehemu ya hasara atakayobeba mwenye fedha mvua isiponyesha. Sehemu hiyo ikiwa si kitu, basi liwe lolote jina la mapatano hayo, kinachokua ni mali ya mmoja, nchi haijaendelea.